Mwenye Ugonjwa Ndiye Mwenye Habari

Nyumbani kwa mama,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kilichokusumbua kimekuacha. Wifi yangu hajambo? Na mtoto, meno yameota? Huku tunaamka, tunashukuru. Shemeji yako bado yuko kwenye kazi yake ya kupaka rangi, kila siku anarudi ametapakaa hadi kwenye kope. Ningependa kusema sote ni wazima, lakini hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Najua umenuna. Uliposikia mama anakwenda kliniki, ulipiga simu huko kuuliza habari zake, daktari akakujibu kwa heshima kwamba hawezi kukwambia. Ukanipigia mimi, nami nikababaika. Ukasema, "Hata mtoto wa kuzaa anafanywa mtu baki?" Neno hilo lilinichoma. Sasa nimeruhusiwa kukujibu, basi kama umesimama, keti.

Mama ana saratani ya titi. Ameshapasuliwa. Yuko hai, yuko chumba cha pili hapa, amelala.

Aliuhisi uvimbe kwenye titi siku nyingi bila kumwambia mtu. Usidhani hakutafuta tiba. Alikwenda kwenye zahanati ya zamani, ile ambayo mwandikishaji hukaa nyuma ya dirisha la wavu na kuuliza kwa sauti ya mnadani, "Mama, unaumwa nini?" Mabenchi yalijaa watu, na kwenye benchi la mbele alikuwepo jirani yetu Redio. Unamjua Redio: mwambie jambo asubuhi, mchana utasimuliwa wewe mwenyewe. Mama akatazama yale mabenchi, akajibu, "Kichwa." Akapewa vidonge vya kichwa, akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Mimi nilijua siku aliponipima gauni. Yeye ambaye hupima mtu huku anapiga soga, siku hiyo mkono wa kushoto ulikataa kuinuka. Nikamuuliza. Akaniambia nifunge mlango, akafungua vifungo, akanionyesha.

Nikamshawishi twende kwa yule daktari mwanamke aliyefungua kliniki juu ya duka la vioo. Alikataa mpaka nilipomwapia kwamba kule hakuna dirisha la wavu. Na kweli, bwana wa mapokezi aliandika jina na umri tu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hayo mengine utamweleza daktari, mama, mlango ukishafungwa." Mama akashusha pumzi. Tulipokuwa tukisubiri, alivaa miwani akasoma tangazo la ukutani kuhusu haki za mgonjwa: kuelezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoielewa, kuuliza, kukubali tiba au kuikataa, kusema nani aambiwe na nani asiambiwe. Alilisoma hadi mwisho, akalirudia. Nilidhani anaua muda tu.

Daktari akachukua kinyama kidogo kikapimwe. Katika siku zile za kungoja majibu, mama mdogo akaniita pembeni. Alisema majibu yakiwa mabaya tumfiche dada yake, tumwambie ni jipu, kwa sababu hofu itamuua kabla ya ugonjwa. Nikaona amesema la busara. Nikapanda zile ngazi peke yangu, nikamwomba daktari anieleze mimi tu.

"Dada, naona unavyompenda," akasema. "Lakini habari hizi si zangu kuzigawa, wala si zako."

"Ni mama yetu!" Nilipandisha sauti, sikufichi.

"Ni mama yenu, na mwili ni wake. Nitamwambiaje apasuliwe kwa ugonjwa asioujua? Kama hataki kujua, atasema mwenyewe, nami nitaheshimu. Ila sitamdanganya."

Nilitoka nimefura. Pale ngazini nilimpa yule daktari majina ambayo siwezi kuyaandika siku ya Jumapili.

Siku ya majibu, daktari alianza kwa kumuuliza mama kama nikae au nisubiri nje. Mama akasema nikae. Akamuuliza tena kama anataka kuelezwa yote au kidogo kidogo.

"Yote," mama akajibu. "Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa nakikata nikishakiona chote."

Daktari akavuta kiti, akakaa ubavuni pake, akautaja ugonjwa kwa jina. Mama alikuwa akipitisha kidole kwenye pindo la sketi yake, kama anayetafuta uzi uliofumuka. Kisha akauliza, "Nisipopasuliwa?" Akaelezwa. "Nikipasuliwa?" Akaelezwa pia, pamoja na yale ambayo daktari mwenyewe alikiri hana uhakika nayo.

"Basi nipasueni," akasema. "Na asante kwa kutonizungusha."

Mimi niliyeogopa kwamba atakufa kwa hofu, ndiye niliyeshikwa mkono na mgonjwa hadi barabarani.

Kabla hatujatoka, daktari alimuuliza nani mwingine aruhusiwe kuelezwa. Mama akanigusa goti. "Huyu. Mdogo wangu nitamwambia mwenyewe. Mwanangu aliye mbali, asiambiwe na mtu yeyote. Titi hili ndilo lililomnyonyesha. Sitaki asikie habari hizi kwa mgeni, kwenye simu."

Sasa unaelewa kwa nini ulifungiwa mlango. Hukufanywa mtu baki.

Alitaka kukwambia mwenyewe. Alikupigia, nami nimekaa karibu yake, akaishia kukuuliza viatu vya mtoto ni namba ngapi. Akakupigia tena, akakusimulia bei ya vitambaa. Juzi akaniambia, "Mwandikie wewe. Usipunguze wala usitie chumvi. Na mwambie asije akanililia kwenye simu."

Basi sipunguzi. Titi la kushoto limeondolewa lote, na ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani. Kidonda kimepona, lakini dawa anazowekewa mshipani zinamtapisha. Nywele zilipoanza kutoka, alizimaliza mwenyewe kwa mkasi wa vitambaa, akasema hangoji kunyonyolewa kama kuku. Blauzi zake amezifumua moja moja, akazitia pamba upande ule na kuzishona upya. Usipoambiwa hutajua. Mama mdogo alipomwona akishona alibubujikwa na machozi. Mama akamwambia, "Lia tu, lakini nishikie huu uzi."

Najua swali lililokukaa kooni. Utataka kujua amebakiwa na muda gani. Mama alilipeleka swali hilo kwa daktari mwezi uliopita, na siku hiyo aliniomba nitoke nje. Nilikaa kwenye kiti cha mapokezi nikiutazama mlango. Alipotoka, macho yalikuwa makavu. Akaniambia twende tukanunue vifungo. Sijui aliambiwa nini. Sijamuuliza, na nimejizuia nisimuulize mtu mwingine. Ukipiga simu, usiniombe mimi, mwombe yeye. Akikwambia, msikilize. Akikuuliza tena namba ya viatu, mjibu, na usikate haraka.

Nisalimie wifi yangu sana, na mbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Shemeji yako anakusalimu, mama mdogo anakuombea. Mungu akulinde huko uliko, akupe moyo mpana wa kulipokea hili, na atujalie kuonana sote tukiwa hai.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako