Wifi Kakatazwa Kuongea

Mwenzangu, wifi kanivunja mbavu! Tumetoka zahanati sasa hivi.

Koo linamuuma tangu juzi, na Jumapili ndiye anayeongoza wimbo kanisani. Hata hajakaa, akamwambia nesi: "Nipe antibiotiki, dada. Yule wa safu ya pili kwenye kwaya kaniroga, anautaka wimbo wangu!"

KANIROGA! Na wifi ndiye kiongozi wetu wa maombi!

Nesi akammulika kooni. "Mama, ni mafua tu. Antibiotiki haitakusaidia. Sukutua maji ya chumvi, na usiongee."

Wifi akabishana naye mpaka sauti ikakwaruza kama bawaba. Mungu anisamehe, nilijifanya nasali ili nicheke.

Sasa kalieleza kundi la kwaya kwenye simu kwamba kakatazwa kuongea.

Kwa ujumbe wa SAUTI.

Mwalimu wa kwaya kausikiliza, na wimbo kampa yule wa safu ya pili.