Kompyuta Aliyoniundia Shemeji

Mwenzangu, usinipigie! Andika tu. Nimejifungia bafuni.

Unakumbuka nilitaka kile kisanduku cheusi cha kuhifadhia na kupiga muziki tu? Shemeji akang'ang'ania kuniundia kompyuta kwa mikono yake. "Kisanduku cha kuimba tu cha nini? Hii itafanya kila kitu." Kila kitu! Ndivyo alivyosema!

Jana nikakunong'oneza pale sebuleni kwamba najuta, bora ningenunua kile cheusi. Nilikwambia wewe tu. WEWE TU.

Sasa hivi shemeji kaingia nacho mkononi. Kile kile cheusi! Anacheka: "Si ulikuwa unajuta, shemeji?"

Nikamwambia haya, basi achukue kompyuta yake.

"Aa, hiyo iache hapo hapo. Nimeshazoea kukusikia."