Msabaha Himid wa Kilburn: Radhi Tuliyokuombea

Mwaka umetimia, Baba Himid, tangu uondoke hapa nyumbani Kilburn alfajiri kwenda kazini, ukaanguka kwenye kituo cha mafuta, usirudi tena. Ninayeandika ni mimi mkeo, Mwanamwema, kwa niaba yangu na ya wanao. Himid alitaka tuandike maneno mawili matatu ya kawaida ya tangazo la kumbukumbu, tuweke na ile picha yako ya kofia, basi. Nimemwambia kaa kitako mwanangu, safari hii naandika mwenyewe.

Tuanze na mema, maana yalikuwapo tele. Miaka yote uliyoendesha mabasi ya London hukuwahi kumfungia mlango mtu anayekimbilia basi lako, na ukigombezwa kwa kuchelewa unacheka tu. Wapemba wangapi wamelala sebuleni kwetu, hawana pa kwenda, na wewe ndiye uliyewapeleka ofisini na hospitali, ukawasemea? Ulikuwa ukiosha maiti za watu usiowajua. Mimi hukuwahi kunipandishia sauti, ila siku nilizounguza mandazi, na hata hapo ulikuwa unatania.

Na ulikuwa msimulizi, hasa ukishapata chai yako ya tangawizi. Watoto waliijua hadithi ya kufungwa kwako baada ya Mapinduzi, ulipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, hujui hata kosa lako. Ulikuwa ukisema, "Njaa utaizoea. Lakini ile sauti ya komeo, unafungwa kwa nje kila jioni, hiyo huizoei." Mwanabaraka, binti yetu, akilia, wewe unamfuta machozi na kumwambia mambo hayo yamekwisha.

Ulipostaafu mabasi, ukapata kazi ya vani. Ulituambia unawabeba wanawake wa Kichina kutoka nyumba yao ya Ilford kwenda jiko kubwa la kufungia vyakula, na jioni unawarudisha. "Masikini, hawajui hata kuulizia njia," ukaniambia. Nikawa naamka kabla yako kukaanga mandazi, nawe unayafunga kwenye karatasi huku ukisema, "Ongeza mama, yule mfupi wao anayapenda sana." Wallahi nilijiona nina mume. Nilijisifu mpaka kwa majirani.

Siku uliyokufa, hospitali walitupa vitu vyako kwenye mfuko wa plastiki: saa, simu, na funguo. Funguo zile nikadhani ni za stoo ya msikitini. Nikaviweka vyote juu ya kabati, nikakaa matanga. Watu walijaa mpaka ngazini. Tumo katika kusoma, simu yako ikaanza kulia. Ikanyamaza, ikalia tena. Nikamwambia Mwanabaraka, "Hebu izime hiyo, watu wanatuona hatuna adabu." Akaizima.

Kaburini, kama ilivyo desturi yetu, Himid alisimama akawaambia watu: kama kuna anayemdai baba yangu aje kwangu, na mliokosewa naye, tunakuombeni mumsamehe. Wote wakaitikia, "Tumemsamehe!" Nilipohadithiwa nyumbani nililia kwa furaha. Nikasema, Alhamdulillahi, mume wangu amekwenda hana deni la mtu kifuani. Lo! Kumbe wenye haki yao kwako walikuwa Ilford, wamefungiwa ndani, wanapiga simu ambayo mimi nimeamrisha izimwe. Ndani ya nyumba ile wewe na bosi wako mliwaachia simu moja tu, ya dharura, yenye namba yako peke yake.

Siku ya tatu, mmoja wao, Guihua, aliruka kutoka dirisha la juu. Akavunjika nyonga. Majirani wakaita polisi, na polisi, kwa kufuata namba ile, wakafika kwetu tukiwa tunapakua biriani ya wageni. Waliuliza funguo za nyumba ya Ilford ziko wapi. Nikaenda kabatini mwenyewe, nikawaletea. Watu wakaacha sahani zao wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyeniaga. Wale wanawake walikuwa sita. Umeme wao wa kulipia kwa kadi ulikuwa umekwisha, na walikuwa wakitafuna mchele mbichi.

Mengine tuliyajua baadaye. Waliahidiwa kazi ya hoteli na watu wa kwao wenyewe, waliowasafirisha kutoka China, na walipofika bosi wao, Mchina mwenzao, akawanyang'anya pasi na kuwaambia wakitoka nje polisi watawafunga. Hakuwa akiwalipa, anasema wanalipia safari. Siku polisi walipofika yeye alikuwa ameshatoweka. Na mlango, Baba Himid, ulikuwa ukifungwa na wewe. Hukuwapiga, hukuwatukana, wote wamesema hivyo. Unawapa mandazi yangu, unawaaga kwa adabu, unafunga, unakuja nyumbani kusali.

Nduguyo Jaffar, ami ya watoto, alitukataza kusema. "Maiti hafukuliwi aibu yake," alinambia. "Huenda hata hakujua. Alifuata amri ya bosi." Nami nililishikilia neno hilo kama mgonjwa anavyoshikilia kitanda. Miezi minne na siku kumi za eda, nimefunikwa shuka nyeupe, nilikuwa nikijiambia: hakujua. Msabaha niliyemjua mimi, angejua, angefungua.

Nilipotoka eda, jambo la kwanza nilitaka nipelekwe kwa Guihua. Sikuwa nikitaka kingine duniani, ila akusamehe, ulale. Tulikwenda mimi na Mwanabaraka, na mkalimani wake, binti wa Kichina mwenye heshima sana. Unajua Kiingereza changu kilivyo. Basi Guihua anasema Kichina, binti yule anamwambia Mwanabaraka kwa Kiingereza, na Mwanabaraka ananitolea mimi kwa hicho Kiswahili chake cha kuokoteza. Guihua ni mfupi. Anatembelea mkongojo. Nilikuwa nimechukua mandazi, mpumbavu mimi, na alipoyaona kwenye karatasi aligeuza uso, nikayarudisha mkobani.

Nikamuuliza mume wangu alikuwaje. Akasema, "Alikuwa mpole. Ndiyo maana nilimwomba yeye." Nikauliza, ulimwomba nini? Akainuka kwenye kiti kwa tabu, akatuonyesha. Hamkuwa na lugha moja, kwa hiyo alikuelekezea mlango, akaufungua na kuufunga hewani, akaunganisha mikono hivi, akapiga magoti. Nikauliza, labda hakufahamu? Guihua akanitazama. Akasema ulifahamu, kwa sababu macho yako yaliingia machozi. Kisha ukatikisa kichwa, ukatia funguo mfukoni, ukampa andazi la pili.

Msabaha, kwa nini? Nimekuuliza juu ya mswala, nimekuuliza jikoni. Uliogopa kukosa kazi? Uliogopa yule bosi? Ungenambia mimi! Tungekula mkate mkavu. Wewe uliyeijua sauti ya komeo, tena siyo kwa kuhadithiwa, ulipata wapi moyo wa kulikomea? Na mimi je, mkeo, niliyekuuliza kila siku kama mandazi yamependwa, nisiulize hata mara moja wale watu wanarudije kwao?

Nilimwambia Mwanabaraka, mwambie tumekuja kutaka radhi. Mwambie baba yako ameshakufa, hana uwezo tena wa kuomba, tunamwombea sisi. Guihua aliniuliza kama una binti mwingine. Nikasema ni huyu mmoja. Akauliza, alikuwa akimfungia? Hapana, nikasema, alimpa ufunguo wake alipoanza skuli ya sekondari. Kisha akasema maneno machache tu, mkalimani akayatoa, na Mwanabaraka akainamisha kichwa. Mtoto yule ukimsemesha Kiswahili huwa anakujibu kwa Kiingereza, miaka yote. Nikamvuta mkono: amesemaje? Akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, "Amekataa, mama."

Kwa hiyo mwaka huu hatualiki watu hitima. Tutakusomea sisi, mlango wa nyumba ukiwa wazi, na tutakuombea kama wanavyoombewa wenye deni. Mlioitikia kaburini "tumemsamehe," tunakushukuruni, lakini hakuwa amekukoseeni ninyi. Aliyekosewa ametukatalia, na ni haki yake. Hatutamwendea tena kumsumbua.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Mwanamwema, mwanao Himid, na binti yako Mwanabaraka. Nduguyo Jaffar amekataa jina lake lisiwekwe kwenye karatasi hii, nami nimeliweka. Tunakupenda, na tunaona haya. Hatutakusahau, Baba Himid, wala Guihua na wenzake watano hawatakusahau.