Yvette Amerudi kwa Mkata Minyororo

Cato Manor, Durban
14 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Valérie,

Nakusalimu sana wewe na wote wa nyumbani Uvira. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, anaona vizuri tangu apate miwani? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira tangu Jumapili, na nisipokuandikia wewe nitaimalizia kwa wateja wangu wa saluni.

Ni habari ya mdogo wetu Yvette. Mimi ndiye niliyemwambia mama kwamba anauza kwenye duka la simu. Nilidanganya. Mwaka wa pili huu anazunguka na Josias, mwanaume wa sarakasi anayekata minyororo kwa kifua. Leo wako sokoni Warwick Junction hapa Durban, kesho mji mwingine. Yvette anapiga ngoma kuita watu, halafu anapanda kusimama juu ya mabega yake.

Mwezi wa saba alianguka, akavunjika mkono. Josias hakumwinua kwanza. Alimgombeza mbele ya watu eti amemharibia mchezo! Nilimchukua hospitalini, nikampa kitanda changu, mimi nikalala chini wiki sita. Alipopona nikamtafutia kazi kwenye duka la simu, la kweli safari hii.

Jumapili tunarudi nyumbani kutoka kanisani, Josias huyu hapa mlangoni kwangu. Pole hakusema. Alisema tu, "Bila wewe watu hawasimami kutazama." Yvette akaanza kukunja nguo. Nikaziba mlango.

"Huyu mtu atakuua," nikamwambia.

"Yaya, umenitafutia kazi mara nne," akanijibu. "Kuja kunitazama nikicheza, hata siku moja."

Eish! Nikasogea mlangoni, akapita.

Jumatano nilifunga saluni nikaenda Isipingo, wanakocheza karibu na stendi ya teksi. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana Josias hadharani. Nikajipenyeza mpaka mbele. Yvette alikuwa juu ya mabega yake, mikono ameinyoosha, anacheka kama zamani tulipokuwa wadogo. Lakini chini yake, magoti ya Josias yalikuwa yanatetemeka. Yaya, yule mtu nguvu zimemwisha! Nikamsikia Yvette anamnong'oneza, "Pole pole. Kushoto. Niko hapa." Naye anamtii. Ndipo nikaelewa jinsi mdogo wetu alivyoanguka.

Watu walipiga makofi. Na mimi nikapiga, mpaka viganja vikaniuma, huku nikiwa nimekasirika vile vile.

Aliposhuka nilimvuta pembeni. "Iko siku atakuangusha tena."

"Najua."

"Sasa unarudi kufanya nini?"

"Nisipokuwa pale juu, nani atamwambia kushoto?"

Nilirudi Cato Manor peke yangu. Kazi ya duka la simu wamempa mtu mwingine, na mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi.

Yaya, naomba umwambie mama ukweli, maana mimi nimechoka kudanganya. Akiuliza kama mtoto wake yuko salama, mwambie hapana. Akiuliza kama ana furaha, mwambie nimemwona kwa macho yangu.

Nisalimie shemeji Ezéchiel na Cathy, na umkumbatie mama kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote, na huyu mkaidi wetu amshike asianguke.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Félicité