Mkulima wa Kumi

Bungoma,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Kwa Baba mpendwa,

Chamgei, Baba. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako zote, na kwamba goti la kushoto limepunguza ukorofi. Mama naye nasikia amerudi kwenye kwaya na anawafunika wasichana wote kwa sauti. Mahindi yamefika wapi? Kipsang wa trekta aliniambia yamefika kiunoni, na kwamba ulimaliza kuweka mbolea ya pili kabla ya majirani wote, jambo ambalo anasema umelitaja kanisani mara mbili. Mimi sijambo kabisa. Nakula vizuri, nalala vizuri, na chumba tunachokaa na Lenah hapa Kanduyi hakivuji tena, baada ya mwenye nyumba kuona haya na kuleta fundi.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nikipiga simu Mama huiweka kwa sauti ya juu, na kabla sijasema la maana mnaanza kubishana kama nimekonda au la. Hili la leo linataka msomaji mmoja, tena akiwa ameketi. Usishtuke, si ugonjwa wala si mimba. Ni habari njema, ila ina kona moja. Nitampa Kipsang barua kesho akipita hapa kuchukua vipuri vya trekta, na nimemwonya asiifungue.

Unajua kwamba siwezi kuhitimu Desemba bila mradi wa mwisho. Mradi wangu ni kuhusu jinsi wakulima wetu wanavyokausha na kuhifadhi mahindi. Nilitakiwa kuhoji wakulima kumi, maswali ishirini na mawili kwa kila mmoja. Kati ya Januari na Machi nilizunguka kuanzia Suam mpakani hadi Tongaren, na Baba, nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Watu walinikaribisha. Mama Tabby wa Tongaren alikataa kujibu hata swali moja kabla sijamaliza sahani ya viazi vitamu. Yeye hujua mahindi yamekauka kwa kuyatikisa kiganjani karibu na sikio. Wengine sita huuma punje kwa jino, kama wewe. Nilibeba kipimo cha unyevu cha chuo ili kuwasahihisha, nikiwa nimejaa maringo ya kitabu, na kipimo kikanisahihisha mimi. Kati ya hao sita wa jino, ni mmoja tu aliyekosea.

Maelezo ya wakulima tisa wa kwanza niliyaandika kwa mkono, madaftari mawili yakajaa. Ndipo Lenah akanionyesha akili mnemba, ile wanafunzi huiita AI. Ni programu ya kwenye simu. Unaiandikia swali na inakujibu kama mtu aliyesoma sana na asiyechoka. Nilipiga picha kurasa zangu, ikazichapa, ikazipanga kwenye majedwali. Pale ilipoandika tani badala ya magunia nilirekebisha, kwa sababu daftari lilikuwa mapajani. Chuo hakikatazi. Sheria ni kwamba useme kwenye ukurasa wa mwanzo chombo kimekusaidia wapi, na kwamba kila neno la mkulima liwe limetoka kinywani mwa mkulima. Kwa wale tisa niliifuata sheria hiyo vizuri.

Mkulima wa kumi sikwenda kumwona. Sababu nitaisema, nivumilie kidogo. Siku zilikuwa zimeisha, nikaiambia programu ijibu yale maswali kama mzee wa karibu na Kitale mwenye ekari nne. Kabla hata uji haujapoa, majibu yote ishirini na mawili yalikuwa tayari. Mzee wa simu hakukohoa, hakukasirika, wala hakuniacha katikati ya swali akafukuze ng'ombe wa jirani. Nikayaweka pamoja na ya wengine, na kwenye ukurasa wa mwanzo sikusema lolote juu yake.

Juzi Jumatano tulisimama mmoja mmoja kutetea miradi yetu. Mwalimu wangu ni Dkt. Khaoya, daktari wa vitabu, si wa sindano, na amezaliwa Tongaren katikati ya mahindi. Alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa kukubali kwenye jedwali la wanaouma punje, kisha akafungua ukurasa wa arobaini na moja. Akasoma kwa sauti kwamba mkulima wa kumi, wa karibu na Kitale, huvuna mahindi mwezi wa saba na kuyavuna tena mwezi wa kwanza. Akavua miwani. Akaniuliza hiyo Kitale inayovuna mara mbili iko upande gani, bana, kwa sababu angetaka kununua shamba huko kabla watu hawajajua.

Darasa zima lilicheka. Baba, mimi niliyezaliwa kwenye mahindi ya mara moja kwa mwaka, mimi niliyekosa sherehe ngapi za Oktoba kwa sababu ya kuvuna, nilikuwa nimeweka jambo hilo kwenye kitabu chenye jina langu! Na badala ya kunyamaza nikaongeza kosa. Nilisema mkulima huyo ni mzee na huenda alichanganya miezi. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya hasa, hata maneno yaliyobaki niliyasoma bila kuyasikia.

Dkt. Khaoya aliniita ofisini baadaye. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama mkulima wa kumi yupo, nikasema yupo. Akaniuliza kama nilimhoji, nikasema hapana, nikaeleza yote. Alisema wale tisa ni kazi safi ambayo hajaiona kwa miaka, na kwamba hata yeye hutumia programu hiyo kunyoosha barua zake ndefu. Lakini alisema kunyoosha maneno yako ni jambo moja, na kumsemea mtu mzima aliye hai, mwenye mdomo wake, ni jambo lingine. Angeweza kuufuta mradi papo hapo. Amenipa hadi Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Niende kwa mkulima huyo, kwanza nimweleze nilichoandika kwa niaba yake, kisha nimwombe ruhusa ya kumhoji. Akikubali, aweke sahihi. Akikataa, ana haki, na mimi nitarudia mradi mwaka ujao. Nilitoka nikiwa mwepesi, Baba. Lenah alidhani nimefaulu kwa jinsi nilivyokuwa nikitabasamu.

Sasa ile kona. Mkulima wa kumi ni wewe.

Ni wewe niliyesema mbele ya darasa kwamba umechanganya miezi. Naomba unisamehe. Hujawahi kuchanganya hata siku.

Na sababu ya kutokuja kwako si muda, ingawa ndivyo nilivyojidanganya. Unakumbuka Desemba, tulipokuwa tukianika, nikakuambia habari za magunia yasiyopitisha hewa, kwamba yangetuepusha na fukusi na sumu ya kuvu bila dawa? Mzee Kipchirchir na wengine walikuwepo. Ulisema ati chuo kinakufundisha mahindi, na wewe ulilima kabla mwalimu wangu hajaota meno. Walicheka sana. Wewe ulikuwa unatania tu, ninakujua, na jioni uliniletea mua. Lakini mimi niliingia jikoni nikalia, Mama akadhani ni moshi. Nilipofika kwenye jina lako katika orodha yangu, niliogopa kuketi mbele yako na daftari nikachekwa tena. Nilikwenda kwa watu tisa nisiowajua bila woga, nikamwogopa baba yangu.

Nataka pia ujue programu iliandika nini, kwa maana ndivyo nilivyoagizwa. Niliiambia kwamba mkulima huyo ni baba yangu. Penye swali la kumi na saba, linalouliza mkulima hupata ushauri kwa nani, iliandika hivi: "Binti yangu amesoma, na ninamsikiliza. Nimebadilisha namna ya kuhifadhi mahindi kwa sababu yake." Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, Baba, nikashindwa kuifuta. Ile habari ya mavuno mawili ilikuwa mistari michache juu yake, na sikuiona hata kidogo, kwa kuwa macho yangu yalikuwa hapo chini, nikifurahia kusifiwa na baba ambaye hayupo.

Nimeifuta sasa, pamoja na majibu mengine yote ishirini na moja. Nitakuja Jumamosi asubuhi na daftari tupu, simu nitaiacha kwa Mama. Nataka kusikia jino lako linavyojua, na kwa nini unaanika upande wa mashariki tu, jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote na sijawahi kukuuliza. Kama hutaki kuhojiwa, niambie mlangoni nami nitakunywa chai na kurudi Bungoma bila kinyongo.

Msalimie Mama, mwambie sijakonda. Wasalimie majirani, hata Mzee Kipchirchir na kicheko chake. Lenah anakusalimu na kuuliza kama maziwa ya mursik yatakuwepo, ingawa sijamwalika.

Na ukikubali, Baba, nina ombi moja tu. Tukifika swali la kumi na saba, usinihurumie. Ukisema hupokei ushauri wa mtu yeyote, nitaandika hivyo hivyo, kwa mkono wangu, kisha nitageuza ukurasa nikuulize la kumi na nane.

Ni mimi binti yako,
Jepchumba.