Mlango wa Jikoni

Jumatatu, 4 Machi

Tangu daktari aseme ini langu limekwisha, nijiandae, nyumba hii haikaliki. Nijiandae na nini — mkoba? Mimi seremala, nina kabati la mteja halijaisha. Dada yangu kafunga karakana, ufunguo kaondoka nao. Upumzike, kaka. Nitapumzika sana tu, haraka ya nini!

Anayeniudhi zaidi ni Mama Pacha. Miaka yote ya ndoa kanipigia kelele kuhusu mlango wa jikoni wa kutokea uani. Unakwaruza! Haufungi! Fundi gani wewe, milango ya watu mizuri, wa kwako aibu? Leo umekwaruza kriii, nikamtazama, nikasubiri. Akasema si kitu, mume wangu.

Mume wangu! Tangu lini?

Jumatano, 6 Machi

Nimeingia sebuleni na viatu vya matope, makusudi. Mama Pacha kadeki nyuma yangu. Nikasema chai haina ladha. Akaomba radhi, akapika nyingine. Na chai ilikuwa nzuri! Akatabasamu lile tabasamu la msibani. Nimekasirika. Sijafa bado, na mke tayari sina.

Ijumaa, 8 Machi

Mapacha wamepiga simu. Nimewaambia nataka kuoa mke wa pili. Wakasema sawa baba, kama utafurahi. Wapumbavu!

Jumapili, 10 Machi

Bisibisi nimeikuta kwenye droo ya vijiko. Mama Pacha alipokwenda sokoni nikaung'oa mlango, nikaulaza sakafuni. Nguvu zikaniishia. Nikakaa juu yake.

Karudi, kasimama na kapu. Akaanza: pole, mume—

Nikamwambia siurudishi. Utabaki hivihivi.

Kapu likaanguka, nyanya zikasambaa jikoni kote. "Utaniachia nyumba haina mlango? Nitalalaje humu peke yangu? Huna haya wewe! Inuka! Leo hii unaumaliza!"

Peke yangu. Kalisema, hatimaye. Tukatazamana. Halafu akatoka mbio kwa dada yangu — kelele zao nimezisikia mpaka huku — akarudi na randa yangu ya mbao kutoka karakana.

Nimeranda upande mmoja, pumzi imekata, ndiyo naandika. Yeye kaushikilia mlango wima, analia na kufoka kwa pamoja. Eti naandika upuuzi gani, eti nimeranda upande siyo. Ni upande wenyewe! Nimemwambia hajui lolote kuhusu mbao. Kafuta kamasi kwa kanga, kavuta pumzi, sasa ananijibu —