Wanja wa Kitovu

Bani Sahl, 6 Rajabu

Mwanangu Wahiba,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mumeo Ghalib. Huku tu wazima, mimi na ng'ombe, maana tangu baba yako atutoke ndio tuliobaki. Mtama umeota vizuri. Asubuhi bado naweka vikombe viwili vya chai ya maganda ya kahawa, halafu kimoja nakirudisha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu inashika juu ya paa la Mansur tu, na juu ya paa hilo masikio ni mengi kuliko mawe. Abduh, dereva wa gari la mirungi, ameniambia alikuona huko Hodeida ukitoka kituo cha afya umeshika mkono kama umevunjika. Kweli umechomwa sindano? Na mimba ya miezi sita tumboni?

Nieleze. Dawa ya figo ya baba yako niliuza pete zangu ndipo tukaipata, na hii ya kwako wanakupa bure. Wametupenda tangu lini? Na kwa nini wanawake tu? Kisimani wanasema inafunga kizazi. Sisemi ni kweli. Nasema sijamwona mtu akanipa kitu bure asirudi kudai chake.

Usiende tena. Baada ya Idi nitashuka kukulea arobaini yako. Nitakuja na wanja wa kupaka kitovu cha mtoto, nimeuchoma mwenyewe kwa ubani, tuukoroge na samli ya ng'ombe wetu kama mama yangu alivyonifanyia mimi. Na tumbo usimwonyeshe kila mtu. Jana Taqiyya jirani aliniuliza uko mwezi wa ngapi. Nikamwambia sijui.

Mama yako,
Nuriya


Hodeida, 21 Rajabu

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Goti linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila joto limeshaanza na Ghalib analala sakafuni kama paka.

Ni kweli nilichomwa. Mkono uliuma siku mbili, ukavimba kidogo, basi. Muuguzi, anaitwa Afrah, alinionya mapema kwamba utauma. Aliniuliza pia kama kuna sindano iliyowahi kunidhuru nikashindwa kupumua, nikamwambia hapana. Kizazi hakijafungwa, mama. Kuna mtu humo ndani ananipiga mateke kutwa nzima.

Na si wanawake tu. Ghalib alikanyaga msumari karakanani kwao, akachomwa ileile. Fundi mzima wa kuchomelea vyuma, anayeshinda na moto mkononi, akamwambia Afrah, "Dada, ngoja nisome Fatiha kwanza." Afrah akamjibu, "Soma tu, mimi nimeshamaliza."

Inakinga magonjwa mawili kwa pamoja, pepopunda na dondakoo, lile lililowakaba watoto wa Mansur. Kinga ikishika mwilini mwangu, mtoto huzaliwa na sehemu yake, ikamlinda mpaka afikie umri wa kuchanjwa mwenyewe. Lakini moja haitoshi. Ya pili ni baada ya wiki nne, na isikaribiane sana na kujifungua, ziwepo wiki mbili au zaidi katikati. Nyingine zitafuata miaka ya mbele, tano kwa jumla.

Mama, Afrah aliniuliza kama kwetu kuna mtoto aliyekufa siku za mwanzo. Nikamtaja kaka yangu Qaid. Akauliza alikufaje. Hukuwahi kunihadithia. Nihadithie. Na wanja, tafadhali, usishuke nao.

Mwanao,
Wahiba


Bani Sahl, 4 Shaabani

Mwanangu,

Salamu. Goti ni lilelile. Huyo Afrah ana haja gani na marehemu wangu? Anayechoma mikono achome mikono. Makaburi yangu yanamhusu nini? Anaandika wapi hayo anayouliza?

Lakini umeniuliza wewe, kwa hiyo nakujibu wewe.

Qaid alizaliwa wakati wa kuvuna mtama. Alikuwa na vinyweleo nyuma ya masikio. Akinyonya, alishika kidole gumba changu kana kwamba nitamkimbia. Siku ya nne akaja Taqiyya kumtazama, akasema, "Ee, mashavu haya! Huyu mtamshibisha kwa shamba gani?" Hakusema mashallah. Nilinyamaza makusudi nione kama atasema. Akanywa chai yake akaenda.

Baada ya hapo mtoto akaacha kunyonya. Alitaka, ila mdomo haukufunguka. Midomo ilivutika kama anacheka. Mlango ukibamizwa, alikakamaa mwili mzima, mgongo ukapinda kama upinde, kisha akalegea amelowa jasho. Baba yako akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, akauweka uani, usije ukabamizwa tena. Alikaa pale pasipo na mlango, amejifunika shali, anazuia upepo kwa mgongo wake. Mlango ulirudi baada ya mazishi.

Tangu hapo sijala kwa Taqiyya. Salamu zetu ni za njiani tu.

Haya, msomee Afrah wako, kisha uniambie alichosema. Na wanja umekukosea nini? Kitovu chako kilipakwa uleule, na leo unaniandikia barua. Sindano ya pili usichomwe.

Mama yako,
Nuriya


Hodeida, 23 Shaabani

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima, na ng'ombe, na mtama. Huku samaki ni wengi wiki hii. Ghalib ametengeneza kitanda cha mtoto kwa chuma, kizito mpaka kikasukumwa na watu wanne. Nikamwambia, "Baba wee, tunazaa mtoto au ngamia?" Amekasirika, anakipaka rangi ya kijani. Jirani yetu ananifundisha kushona kofia. Nimeshashona tatu, zote zinanitosha mimi.

Usinikasirikie, nimeshachomwa ya pili. Mkono haukuuma sana safari hii. Afrah anakusalimu sana. Anasema kitovu cha mtoto kikatwe kwa wembe mpya, kwa mikono iliyonawa sabuni, kiachwe kikavu, kisipakwe kitu chochote.

Ghalib anauliza kama unataka tukutafutie kiti cha mbele kwa Abduh. Nitakununulia viatu vya mjini.

Mwanao,
Wahiba


Bani Sahl, 7 Ramadhani

Wahiba,

Salamu na Ramadhani njema.

Ulipokuwa mdogo, ukivunja kitu ulikuwa unaniletea maji ya kunywa kabla sijaomba. Nikiona kikombe cha maji nilijua niende jikoni nikatazame. Barua yako yote ni maji ya kunywa. Samaki, kofia, kitanda, viatu.

Nilikuuliza Afrah amesema nini kuhusu Qaid. Umeniambia ananisalimu.

Ulikuwa wanja?

Mama yako


Hodeida, 19 Ramadhani

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Nilipomsomea Afrah, alivua miwani akaniomba nirudie pale pa mlango. Alisema ni pepopunda. Ndiyo inayofunga mdomo wa mtoto, ndiyo inayomkakamaza akisikia kishindo. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo, vumbi na samadi, vinaingia mwilini panapokatwa. Inaweza kuwa wembe. Inaweza kuwa kitambaa. Inaweza kuwa wanja, au samli. Hakuna anayejua, hata yeye. Anachojua ni kwamba kama ungekuwa umechanjwa, huenda Qaid angezaliwa na kinga, na miaka ile hakuna mtu aliyepanda mlima wetu na sindano.

Si jicho la husuda, mama. Wala si wewe.

Niliogopa kukuandikia, kwa sababu uko peke yako huko na sitakuwepo ukisoma. Njoo. Njoo na mikono yako tu.

Mwanao,
Wahiba


Hodeida, 5 Mfunguo Mosi

Mama,

Assalamu alaikum. Idi imepita bila neno lako. Abduh anasema alipita mara mbili akakuta mlango umefungwa, na ng'ombe analia. Nimepiga simu kwa Mansur. Akasema, "Mama yako nilimwona na mkate mkononi," halafu ikakatika. Mkate gani? Unampelekea nani mkate, wewe usiyekwenda kwa mtu?

Tumbo limeshuka. Afrah anasema si mbali. Kama umenikasirikia, njoo unikasirikie hapa.

Wahiba wako


Bani Sahl, 10 Mfunguo Mosi

Mwanangu Wahiba,

Salamu na Idi njema, ingawa nimechelewa nayo.

Mlango ulifungwa kwa sababu nilikuwa ndani. Nilitaka kukukasirikia wewe, nikashindwa. Nikataka kumkasirikia mama yangu aliyenifundisha, lakini naye amelala makaburini, upande wa chini wa Qaid. Nikabaki sina wa kumkasirikia. Ndipo nikamkumbuka Taqiyya, niliyemkasirikia miaka yote bila kosa.

Siku ya Idi nilipika mkate wa asali nikaenda kwake. Akasimama mlangoni. "Umepotea njia, Nuriya?"

"Nimekuja kula."

"Unakuja kula kwangu na chakula umebeba mwenyewe?"

"Tule hiki, kisha nile chako."

Akanitazama sana. "Hutauliza nimetia nini ndani?"

"Tia unachotaka."

Tulikula. Sikumweleza yote, na yeye hakuniuliza. Ila alipomega kipande cha pili alisema, "Nilikuja mazishini, ukanigeuzia uso." Nikamjibu, "Najua." Akaniwekea nyama kwenye mkate wangu.

Mkwewe Hind ana mimba ya miezi mitano. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba yangu ili nisilione tumbo lake. Nikawaambia habari ya sindano. Taqiyya akaruka, "Bure? Kwa nini bure?" Nikacheka mpaka goti likaniuma. Nikamwambia swali hilo ni langu, nimelichosha muda mrefu.

Juzi tulishuka watatu na Abduh mpaka kituo cha bondeni. Nilitangulia kukaa kwenye kiti ili Hind aone. Bwana anayechoma sindano akaniuliza, "Mama, na wewe una mimba?" Nikamwambia, "Nina ng'ombe na shamba la samadi." Akasema sababu hiyo inatosha kabisa, hata watu wazima inawapasa, na nikishamaliza zile za mwanzo nitarudia kila baada ya miaka kumi. Mkono unauma sasa hivi ninapoandika. Hind alifumba macho. Akipita siku hizi, anapita mbele ya nyumba.

Alhamisi nakuja. Nitaleta samli ya kula wewe, na wanja wa macho yako. Kitovu cha mtoto sitakigusa.

Ng'ombe atakamuliwa na Taqiyya. Ameapa kwamba mtoto akizaliwa atapanda juu ya paa la Mansur, apige simu, aseme mashallah mpaka kijiji kizima kisikie.

Mwambie Ghalib aache kupaka rangi kitanda. Atie mafuta bawaba za mlango wenu, na aweke kitambaa kwenye ukingo wake, ujifunge polepole.

Mama yako,
Nuriya